Pale Mwili Uliposhtuka

Katika duka la ushonaji la marehemu Mzee Shaaban, mtaa wa nyuma ya soko la Babati, mwanamume hapimwi na mwanamke wala mwanamke hapimwi na mwanamume. Wanaume hupimwa mbele, penye mwanga, na Hamdani. Wanawake hupita nyuma ya pazia la kitenge wakapimwa na dada yake, Mosi. Kila upande una daftari lake, la wanaume lina jalada la kijani na la wanawake jekundu, na aliyekabidhiwa moja haruhusiwi kufunua la mwenzake hata duka liwe linaungua. Mzee Shaaban alisema kipimo cha mwili wa mtu ni amana, na anayechezea amana za watu asitegemee kufika mbali. Amefariki mwaka wa kumi na mbili huu, lakini amri yake inafuatwa kuliko nyingi zinazotolewa na walio hai.

Mzee alikuwa na jambo lake jingine, nalo hulikuti kwa fundi mwingine yeyote mjini hapa. Alichukua kandambili iliyokatika ukanda, akaichonga soli yake kwa wembe hadi ikawa muhuri wa kijimtu: kichwa, shingo, mikono iliyonyooshwa, kiuno, miguu miwili. Mteja akija kupimwa, kwanza unagonga kijimtu kwenye ukurasa wake. Awe mwanamume, awe mwanamke, kijimtu ni hicho hicho, maana kandambili ya pili ilikuwa bado inavalika. Kisha unapozungusha futi unautazama mwili wa mtu, si uso wake.

"Pale mwili uliposhtuka, weka nukta," mzee aliwaambia wanawe. "Mshono usipite hapo. Nukta ni yako, lakini maneno ni ya mwenye mwili. Akisema kitu, andika pembeni. Asiposema, usimsemee."

Kwa sababu hiyo nguo za Mzee Shaaban zilisifika kwamba haziumi, na mafundi wenzake waliapa kwamba anatumia dawa.

Hamdani aliyafuata hayo miaka ishirini na mitatu. Sasa alikuwa ameamua kuacha. Sadock wa Bagara, muuza simu, alikubali kuchukua fremu na cherehani zote mbili mwisho wa mwezi. Kwa dada yake, Hamdani alitoa sababu kwamba mitumba imeua ushonaji. Ulikuwa uongo, tena uongo mvivu, kwa kuwa sare za shule peke yake ziliwaweka kazini hadi Machi. Mosi alimsikiliza, akasema sawa, akaendelea kupiga pindo. Ni mjane, na duka hili ndilo linalomweka mjini. Hamdani aliona afadhali angegombezwa.

Ukweli alikuwa nao chini ya shati. Mwaka wa tatu huu mwili ulikuwa unamuuma. Maumivu yalianza shingoni, yakashuka mabegani, yakafika kwenye nyonga, yakakaa kama mgeni aliyesema anapita tu kisha ukamwona ameleta godoro. Alilala, akaamka amechoka kuliko alivyolala. Siku nyingine mkasi ulimlemea. Siku nyingine alisahau kipimo alichokisoma dakika hiyo hiyo, yeye aliyeweza kubeba vipimo vya watu watano kichwani kutoka dukani hadi nyumbani kwake Singe. Alishakwenda kupigwa picha kwa siri, damu ikapimwa, majibu yote yakarudi safi, akaambiwa apumzike. Akahitimisha kwamba ama ameanza uvivu, ama ameanza kufa, na kwa mwanamume wa miaka arobaini na sita yote mawili hayasemeki mbele ya watu. Basi akajikaza kisabuni, na sote tunajua kipande cha sabuni kinavyoishia.

Jumatatu moja akaja Mama Egidius. Jina lake ni Gaudiosa, mkulima wa mahindi na maharage wa huko Dareda, mteja wa Mosi wa siku zote. Akasalimia, akapita nyuma ya pazia. Hamdani aliendelea kutia vifungo kwenye shati, lakini pazia lile huzuia macho tu, na mwanamke yule alikuwa na habari kubwa mno ya kunong'onwa.

Alisema ugonjwa wake umepata jina. Miaka yote walimwambia ni uzee, ni mawazo, ni mashetani, ni kutaka kudeka kwa mume. Sasa daktari mmoja mwanamama, mgeni kwenye zahanati anayotibiwa, amemhoji saa nzima, akamwambia unaitwa fibromialjia. Mifupa yako haina kosa, damu yako haina kosa, ila mishipa inayopeleka habari za maumivu kichwani imekuwa kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Hauui, na una njia za kuutuliza. Shida ni kwamba daktari alimuuliza umeanza lini na umetembea vipi mwilini, naye Gaudiosa hakukumbuka. Ndipo akamkumbuka mtu mwenye kukumbuka.

Mosi akafungua daftari jekundu. Kurasa zikafunuliwa moja baada ya moja, hata Hamdani akaacha sindano. Kisha akamsikia dada yake akisoma taratibu, gauni baada ya gauni: mwaka wa kwanza nukta moja begani, mteja anasema panawaka, mwaka wa pili mabega yote na shingo, mteja anasema halali, mwaka uliofuata viwiko na nyonga, mteja anasema hata shuka linamuuma. Vijimtu kumi na kimoja, kwa miaka kumi na mmoja.

"Kumbe sikuwa naongopa," Gaudiosa akasema. "Mosi, kumbe yote ilikuwa kweli."

Mosi alimnakilia ukurasa wake kwa mkono, wake peke yake, akampa. Gaudiosa alitoka nyuma ya pazia ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, akaenda stendi bila kukumbuka kuchukua chenji yake.

Alhamisi asubuhi bajaji ilisimama mbele ya duka, akashuka yule daktari wa Gaudiosa mwenyewe, Daktari Elineema, ameshika ile nakala. Alikuwa mwanamama wa Kipare mwenye miwani, ana haraka za madaktari, lakini haraka ziliisha alipoonyeshwa muhuri. Aliigeuza ile soli ya kandambili kiganjani, mbele na nyuma, akauliza ni nani aliyewafundisha. Wakamwambia ni baba yao. Akauliza baba alisoma wapi udaktari. Mosi akajibu kwamba mzee aliishia darasa la nne, na hapo daktari akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

Akawaeleza kwamba zamani ugonjwa huu ulitafutwa kwa kidole gumba. Mtu alibonyezwa sehemu kumi na nane za mwili, na aliyeumia kwenye kumi na moja ndiye aliyeandikwa kuwa anao. Wanawake walisema panauma, wakaandikwa. Wanaume walikaza meno, wakaambiwa wazima, wakarudi nyumbani na maumivu yao. Siku hizi watu wanaulizwa zaidi kuliko kubonyezwa: unalalaje, unaamkaje, unasahau, panauma wapi na wapi pengine. Wanawake bado ni wengi kuliko wanaume, hilo ni kweli, na wenye elimu yao hawajamaliza kujua kwa nini. Lakini tangu kuanza kuuliza, wanaume nao wameanza kuonekana, na si wachache kama ilivyodhaniwa.

Kisha akamgeukia Hamdani, ambaye muda wote huo alijifanya anapiga pasi.

"Kwangu wanakuja wanawake tu," alisema. "Mwanamume akija ameletwa na mke wake, na ananionyesha sehemu moja. Wewe fundi unawapima kila siku. Wanaume wa Babati wanaumia wapi?"

Hamdani alimjibu kwamba wanaume wa Babati wana afya njema kabisa, mama. Alisema hivyo pasi ya mkaa ikiwa mkono wa kushoto, na yeye si wa kushoto. Daktari aliutazama ule mkono, akaitazama pasi, akamshukuru, akapanda bajaji.

Mchana huo Mosi alipotoka kwenda kula, Hamdani alilivuta daftari la kijani. Hakuwa na nia ya kutafuta kitu. Alitaka tu kujithibitishia kwamba amesema kweli. Alikuwa amelifungua daftari lile maelfu ya mara, lakini kila mara kwa mtu mmoja, kwa nguo moja. Hakuwahi kulisoma kama mtu anavyosoma kitabu, kuanzia jalada hadi jalada.

Alianza na Mwalimu Sosthenes, kwa kuwa suruali yake ilikuwa tayari inamsubiri. Nukta shingoni na nyonga ya kulia, na pembeni, kwa mwandiko wa Hamdani mwenyewe: ameanguka na pikipiki. Mwaka uliofuata nukta zile zile, na moja zaidi begani: ameanguka na pikipiki. Akafunua, akafunua tena. Mwalimu Sosthenes alikuwa ameanguka na pikipiki mara saba katika miaka saba, na Babati nzima inajua kwamba mwalimu yule anatembea kwa miguu.

Hamdani akacheka. Alipofika kwa Yoakimu, muuza samaki wa ziwani, kicheko kilianza kupungua. Yoakimu alisema alibeba gunia, mwaka wa pili akasema ni mpira, wa tatu akasema alilala vibaya, na nukta ilikuwa pale pale kama mche uliootea mahali. Kulikuwa na dereva aliyesema weka nafasi ya kunenepa, na hakunenepa. Kulikuwa na mpiga tofali, na shemasi, na kijana wa duka la pembejeo anayesifika kwa kunyanyua vyuma. Hawakuwa wengi wakilinganishwa na wote aliowapima. Lakini walikuwa wengi kuliko alivyoweza kuwadhania, na kila mmoja alikuwa amesimama hapo mbele, penye mwanga, akishtuka chini ya futi, akitoa sababu, na fundi akiiandika sababu bila kuuliza. Kwa wengi maelezo yalibadilika kila mwaka. Nukta hazikuhama.

Alisema subhanallah kwa sauti ndogo, akatazama nje mtaani ambako watu walikuwa wanapita na mikungu ya ndizi na ndoo za alizeti, na kwa mara ya kwanza maishani aliuona mji wake kama baba yake alivyouona: miili mingi iliyofunikwa nguo, mingine ikiwaka kimya kimya, ikisalimiana, ikiuliza habari za asubuhi na kujibu nzuri. Watu wale walikuwa wanabeba mambo makubwa na bado wanakumbuka kununua chumvi. Aliingiwa na heshima kwao ambayo hakujua aiweke wapi.

Saa tisa Mwalimu Sosthenes alikuja kuchukua suruali. Ni mtu mzima, ndevu zina mvi, na Hamdani alimwamkia kama ilivyo desturi. Akamkunjia suruali yake vizuri. Halafu, kwa kuwa asingelala asipouliza, akamuuliza ile pikipiki ni aina gani.

Mwalimu hakukasirika. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaishika suruali magotini.

"Mwanafunzi akiona mwalimu wake hawezi kuinua mkono kufuta ubao, atamsikiliza tena?" alisema. "Pikipiki inaeleweka, fundi. Mtu akianguka anaambiwa pole." Akautazama mkono wa Hamdani. "Na wewe? Pasi ulikuwa unashika mkono wa kulia. Umeanguka na nini?"

Hamdani alifungua mdomo kutafuta pikipiki yake, akaikosa. Akamwambia mwalimu habari za yule daktari, jina lake na siku anazokuwepo, akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Mwalimu alikipokea, akakitia mfuko wa shati, akaaga bila kuahidi kitu.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Hamdani alirudi kutoka msikitini akakuta duka tulivu na Mosi yuko nyuma anakata kitambaa. Alisimama mbele ya pazia. Hakuwahi kulivuka tangu mzee azikwe. Akabisha hodi kwenye pazia kama mtu anavyobisha mlangoni, akaambiwa karibu, akaingia na daftari la kijani kwapani. Akamwambia dada yake kwamba anaomba wayaweke madaftari pamoja, mara moja tu.

Mosi alikataa. Alisema amana ni amana, na hata kama baba hayupo, wenye miili wapo. Hamdani akamweleza aliyoyaona, kuhusu dereva, shemasi na pikipiki saba, ila majina hakutaja. Mosi alimsikiliza, mkasi ukiwa mkononi. Akafikiri. Kisha akakata vipande viwili virefu vya bitana nyeusi, akalaza kimoja juu ya kila daftari kiasi kwamba majina na inchi zote zilifunikwa. Vilivyobaki kuonekana vilikuwa vijimtu, nukta na maneno ya pembeni. Akasema hapo amana itakuwa imelala, wasiiamshe.

Wakafunua. Mosi alifunua lake, Hamdani lake, kila mmoja akisogeza bitana kabla ukurasa haujakaa. Jekundu lilikuwa na nukta nyingi zaidi, kweli, zimetawanyika mwilini hadi magotini, na pembeni maneno yalijaa hadi ukingoni: panawaka, panachoma, silali, nasahau, watoto wakinikumbatia naumia, mume anasema nimezidi. La kijani lilikuwa na nukta chache na maneno mafupi: gunia, mpira, pikipiki. Lakini walipoziba maneno kwa viganja vyao wakabakiza vijimtu peke yake, kuna kurasa ambazo hawakuweza tena kusema hili ni daftari la nani. Shingo ilikuwa shingo. Bega lilikuwa bega.

Mosi akafunua kurasa za mwisho za daftari jekundu, akasogeza bitana, akaondoa kiganja.

Palikuwa na vijimtu vitatu, miaka mitatu. Cha kwanza kilikuwa na nukta shingoni. Cha pili shingoni na mabegani. Cha tatu shingoni, mabegani, kiwiko cha kulia na nyonga zote mbili. Pembeni hapakuwa na neno hata moja. Katika daftari lile lililojaa sauti, ukurasa huo ulikuwa mtupu kama uwanja baada ya mnada.

Hamdani aliinama akautazama kwa karibu. Roho ilimuuma. Akamwambia Mosi kwamba huyu dada anaumia kuliko wengi, mbona hasemi kitu, hana hata mtu wa kumwambia?

"Maskini," Hamdani akasema. "Mwambie aende kwa daktari. Mwambie asione aibu, wako wengi."

"Mwambie mwenyewe," Mosi akasema, akavuta bitana.

Jina lilikuwa lake. Lilikuwa limeandikwa kwa herufi za taratibu za Mosi, Hamdani bin Shaaban, na chini yake hapakuwa na inchi hata moja, kwa sababu hakuwahi kupimwa.

Mosi alisema alianza kuona anavyogeuka mwili mzima akiitwa, kwa kuwa shingo haigeuki. Baadaye akaona mkono umehama kwenye pasi. Baadaye mkasi, baadaye kukaa na kuinuka. Alimtazama kwenye upenyo wa pazia, akaweka nukta moja moja. Kanzu zake za Idi, miaka yote mitatu, amezishona kwa kumkadiria kwa macho, mshono ukipita mbali na bega, na Hamdani alidhani ni kitambaa kizuri. Kuhusu mitumba, hakuiamini hata siku moja.

Hamdani alimuuliza kwa nini hakusema.

"Baba alikataza," Mosi akajibu. "Nukta ni yangu, maneno ni yako. Nimekungoja miaka mitatu, mdogo wangu. Ukamwambia Sadock unaacha duka kabla ya kuniambia mimi unaumwa."

Mbele dukani simu ya Hamdani ilianza kuita mezani. Huenda alikuwa Sadock, huenda mteja. Iliita hadi ikachoka. Hamdani alikuwa bado anakitazama kijimtu cha tatu, na machozi yalimtoka bila yeye kuyaruhusu, kwa sababu aliona kwamba muda wote aliodhani amejificha, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa anausoma mwili wake na kuushonea nguo isiyouma.

Mosi alitoa futi shingoni kwake, akamsimamisha penye mwanga wa dirisha dogo, akagonga kijimtu cha nne. Akafungua kalamu.

"Niandike pikipiki?" akamuuliza.

Hamdani alicheka, na kicheko kikamchoma mbavuni, na Mosi akaweka nukta hapo pia.

"Hapana," akasema. "Andika panauma."

Akaanza kumtajia, shingo kwanza.